Chupa Tatu za Mililita Mia

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1989, saa saba mchana, mpishi mkuu wa shule moja ya bweni alipanga mezani sahani mia mbili na kumi na mbili za wanafunzi na sita za wafanyakazi. Alikuwa na mazoea ya kuhesabu sahani badala ya watu, kwa kuwa, kama alivyosema mwenyewe, mtoto hatulii na sahani hutulia. Ilipofika saa kumi alasiri wanafunzi watano walikuwa wamelazwa zahanati, wanatapika, macho yao yamegeuka manjano. Ilipofika mwisho wa wiki wagonjwa walitimia arobaini na mmoja, na watatu kati yao walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Ninayekusudia kumwandika hapa si mpishi huyo, bali mdogo wake wa tumbo moja, mwosha vyombo katika maabara ya utafiti wa usalama wa chakula, mahali ambapo mimi nilikuwa karani wa masjala kwa miaka ishirini na tisa. Tulimwita Bi Bilauri. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyecheka kazini, na kazi yake aliijua kama mtu anavyoijua njia ya kwao. Kila chombo cha kioo alikiosha kwa sabuni mara mbili, akakisuuza mara saba, mara tatu za mwisho kwa maji yaliyotoneshwa, kisha akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Tone likigoma kuteremka, chombo kilirudi mwanzo.

Aidha, alikuwa na daftari. Katika maabara yetu chombo kilichovunjwa na mkemia kiliandikwa kuwa kimevunjwa na mwosha. Kwa hiyo Bi Bilauri, tangu mwaka wake wa kwanza, aliandika kila siku ni vyombo vya aina gani vilivyofika sinki, kutoka meza ya nani, na vingapi vilirudi kabatini. Wakemia walimcheka. "Bi Bilauri," walimwambia, "siku ya kiyama wewe ndiye utakayeitwa shahidi wa glasi." Naye alijibu, "Nyinyi chekeni. Meno hayavunjikii sinkini mwangu."

Mkuu wa wakemia alikuwa mtaalamu wa sumukuvu, yaani ile sumu inayotengenezwa na ukungu katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, haiondoki kwa kuchemshwa, na hulishambulia ini. Vijana wa maabara walimpa mkuu huyo jina la Desimali, kwa sababu aliweza kumrudishia mtu taarifa mara nne kwa kosa la nukta moja. Mimi mwenyewe alinirudishia nyingi.

Unga wa shule ile ulizuiwa ghalani, na sampuli yake ikaletwa kwetu. Desimali aliipima mwenyewe Jumatatu, tarehe 20 Machi. Alhamisi nilipiga chapa taarifa yake: mikrogramu nane nukta sita kwa kilo. Kikomo kilichoruhusiwa kilikuwa kumi. Unga, kwa hiyo, ulikuwa salama, na taarifa iliongeza kwamba chanzo cha maradhi kwa dhahiri kilikuwa ugonjwa wa ini ulioenezwa na mikono michafu ya mpishi, ambaye mwenyewe hakuugua. Ni kweli hakuugua. Kwa kawaida alikula kwao, watu wote wakishakula, kwa kuwa sufuria za shule hazikumbakizia kitu.

Mpishi alifukuzwa kesho yake asubuhi, akapewa nakala ya taarifa ili ajue kosa lake. Nakala hiyo alimpelekea mdogo wake kazini, langoni, akiwa bado amevaa aproni.

Bi Bilauri aliisoma mara moja tu. Akaenda kabatini kwake, akafungua daftari kwenye tarehe 20 Machi, kisha akabisha mlango wa Desimali. Mazungumzo haya alinisimulia baadaye, na kwa kuwa katika miaka yote niliyomjua sikumkamata na neno lililozidi wala lililopungua, nayaandika kama alivyoyatoa.

"Daktari, samahani. Jumatatu kutoka meza yako niliosha chupa tatu za shingo ndefu, za mililita mia."

"Ziling'aa?"

"Ziling'aa. Lakini chupa za mia hamzitumii ila mnapozimua. Sampuli ikiwa kali mno mashine haiwezi kuisoma, basi mnaizimua mara mia, mnasoma, halafu mnazidisha kwa mia. Nimeosha hapa miaka kumi na mmoja, nimeona. Sasa hii nane nukta sita ni ya kabla ya kuzidisha au ya baada?"

Desimali alilifungua daftari lake la vipimo. Bi Bilauri alisema kwamba aliyaona masikio ya mtu yule yakibadilika rangi, kwanza moja, kisha la pili. Daftari likafungwa.

"Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La saba."

"Mimi nimesoma miaka kumi na minane ili nisije nikasahihishwa na sinki. Kazi yako ni sabuni. Dada yako hana kazi tena, sivyo? Basi ukisikika nje ya sabuni, mtakuwa wawili."

Siku hiyohiyo unga uliozuiwa ulifunguliwa, ukarudishwa jikoni. Mpishi mpya, mwenye mikono safi na cheti kipya cha afya, aliupika hadi tarehe 12 Aprili ulipokwisha. Katika muda huo na siku chache zilizofuata walikufa wanafunzi wengine wanne. Ilisemekana kwamba hao walikuwa wameambukizwa tangu zamani. Maiti wanne hawakutosha kuwa swali.

Dada mtu alihamia katika chumba cha mdogo wake, chumba kimoja chenye vitanda viwili na dirisha la uani. Wiki ya kwanza alipika, akawapelekea majirani sahani, kama alivyozoea popote alipoishi. Sahani zilirudi zikiwa zimefunikwa vilevile, na chakula ndani yake hakikuguswa. Jirani mmoja hata alisema, kwa sauti ya upole inayokera kuliko tusi, "Usijali mama, sisi tumeshiba tu." Tangu hapo hakupika. Badala yake aliosha mikono. Aliosha asubuhi, aliosha akitoka nje, aliosha akirudi, hata ngozi ya vidole ikapasuka.

"Wewe unaosha chupa, mimi naosha mikono," alimwambia mdogo wake siku moja. "Nyumba hii itakufa kwa sabuni, siyo kwa uchafu."

"Dada, acha. Mikono yako haina kitu."

"Nani anasema? Wewe? Wewe una digrii?"

Bi Bilauri aliniambia kwamba siku ile aliamua mambo mawili: kwanza, kwamba Desimali atalipa, pili, kwamba atalipa kwa kinywa chake mwenyewe, mbele za watu, wala si kwa kinywa cha mtu wa darasa la saba. Wahenga walionya kwamba mwenye kovu usidhani amepoa. Kwa miaka minane alimwamkia Desimali kila asubuhi, akampangia vyombo vyake mezani, na moyoni akamchukia kwa utaratibu uleule aliosuuzia glasi.

Mtu atauliza kwa nini hakumharibia kazi. Ilikuwa rahisi. Tone moja la ile sumu safi ya kusawazishia mashine likiachwa kwenye chupa lingetosha kuvuruga namba za mwezi mzima, na Desimali angeaibika katika kila kongamano. Alikiri kwangu kwamba alijaribiwa. Mwaka wa tatu, chupa iliyotumika kwa sumu kali ilikaa mkononi mwake, mlango umefungwa, hakuna aliyemwona. Akaisuuza mara saba. "Nikimharibia namba," aliniambia, "atakayekula ni mtoto wa mtu. Nilimtaka yeye, siyo unga wa watu."

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba 1997, Desimali aliagiza kwamba sampuli zote za akiba zilizozidi miaka mitano zichomwe Ijumaa ya tarehe 31, ati friza imejaa. Nieleze: kila unga uliopimwa, sehemu yake ilitiwa koponi, kopo likafungwa kwa lakiri na kuwekwa kwenye baridi kali, na sampuli za kesi zenye vifo zilipaswa kukaa miaka kumi. Agizo lilisema "zote". Nilikuwa nikiandaa orodha Bi Bilauri alipoingia masjala, amekumbatia madaftari yake. Kwa miaka yote hakuwahi kuingia ofisini kwangu bila kuitwa.

"Bwana Karani, unga wa shule ile upo?"

"Upo. Rafu ya chini kabisa."

"Na utachomwa?"

"Utachomwa."

Akafungua daftari la 1989, akaweka kidole. Nilisoma mstari ule, nikaelewa kila kitu, na nikakumbuka kwamba tarakimu zile, nane nukta sita, zilipigwa na vidole vyangu. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Ungefanya nini?"

Niliigeuza orodha ya kuchomwa kifudifudi mezani.

"Bwana Karani, wewe ndiye unayewapa wakemia sampuli za kificho. Unazitoa wapi?"

Swali hilo ndilo lililomwangusha Desimali. Mara mbili kwa mwaka, ili kuwajaribu wakemia, karani alichukua makopo kumi ya akiba ambayo namba zake zinajulikana, akayapa namba mpya, na kuyapeleka kupimwa upya bila mpimaji kujua ni ya nini. Matokeo mapya hulinganishwa na ya zamani mbele ya bodi. Desimali alijivunia kuyapima mwenyewe, kwa kuwa hakuwahi kukosea. Nami, kwa uvivu wa mazoea, siku zote nilichukua makopo ya rafu ya juu.

"Kanuni inasema rafu ipi?" aliuliza Bi Bilauri.

Nilitoa kitabu cha kanuni. Nilisoma kifungu mara mbili. "Haisemi."

"Na lakiri inavunjwa mbele ya nani?"

"Mbele ya karani na mfanyakazi mmoja asiye mkemia."

Akakunja mikono ya gauni lake. "Mimi si mkemia," akasema.

Tuliivunja lakiri saa tatu asubuhi ya siku iliyofuata. Kila mmoja alitia sahihi, saa ikaandikwa, gramu zikaandikwa. Unga ulikuwa mweupe, mzuri wa kutazama, usiokuwa na harufu yoyote. Bi Bilauri aliutazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikaupa namba saba kati ya kumi, nikaifunga orodha ya siri ndani ya bahasha, na bahasha nikaipeleka kwa mwenyekiti wa bodi kama kanuni inavyotaka.

Wiki iliyofuata, alasiri moja, Bi Bilauri alipita mlangoni kwangu na karai la vyombo. Hakusimama. "Chupa tatu za mia," alisema, akaendelea na safari yake.

Bodi ilikutana Alhamisi, tarehe 23 Oktoba. Mwenyekiti alikuwa mkunga mstaafu, mama mzito wa mwili na mwepesi wa masikio. Wafanyakazi wote kumi na wanne tulikuwapo, kwa kuwa Desimali alipenda hadhira. Alisoma sampuli moja baada ya nyingine, bahasha ikiwa bado imefungwa mbele ya mwenyekiti. Alipofika namba saba alivua miwani.

"Hapa," alisema, "napenda vijana wajifunze. Sampuli hii ilipita uwezo wa mashine. Mtu mzembe angeandika tu kile anachokiona. Mimi niliizimua mara mia, nikasoma nane nukta nne, nikazidisha kwa mia. Mia nane na arobaini! Kikomo ni kumi. Sijui Karani ameutoa wapi unga huu, lakini mtu akiwalisha watoto mwezi mmoja, atawazika."

"Mwezi mmoja?" aliuliza mwenyekiti.

"Hata wiki tatu, Mheshimiwa."

Mwenyekiti akafungua bahasha. Alisoma, akanitazama, akasoma tena, sasa kwa sauti: jina la shule, tarehe ya sampuli, matokeo ya zamani nane nukta sita, mpimaji ni yuleyule.

Desimali alikuwa mtu mwepesi. "Lakiri imevunjwa," alisema. "Sampuli ya kesi haiguswi bila idhini yangu. Unga umechezewa."

Nilimkabidhi mwenyekiti karatasi ya kuvunja lakiri, yenye sahihi mbili, na kitabu cha kanuni kikiwa kimefunguliwa kwenye kifungu.

"Basi ukungu umekua kwenye friza!"

"Kwa nyuzi ishirini chini ya sifuri, Daktari?" alisema mkemia mmoja wa nyuma, na mtu mmoja akacheka, akajuta.

Hapo Bi Bilauri alisimama, akasoma daftari lake bila haraka: "Tarehe 20 Machi 1989. Kutoka meza ya mkuu: bilauri sita, faneli mbili, chupa za mililita mia, tatu. Zimerudi kabatini tatu." Akamgeukia. "Safari ile ulizimua hivihivi. Ukasahau kuzidisha. Kosa la kusahau ningekusamehe, hata mimi husahau. Lakini tarehe 24 nilikuja mlangoni kwako nikakukumbusha, na ukaniambia kazi yangu ni sabuni. Watoto wanne walikuwa bado hai."

Niliyatazama masikio ya Desimali. Sikumhurumia, wala leo simhurumii.

Bodi ilijifungia saa mbili, kisha ikamwita Bi Bilauri. Nilikuwa nikiandika kumbukumbu, hivyo nilisikia. Walimwahidi kwamba taarifa ya zamani ingefutwa, barua ya masahihisho ingetumwa kwa kila mzazi, na Desimali angestaafu kimya kimya kabla ya mwisho wa mwaka. Yaliyobaki wangeyapeleka kwa wakuu wa sheria, ambako, mwenyekiti alikiri, mambo huchukua miaka.

"Wewe unataka nini zaidi?" aliuliza mwenyekiti.

"Sitaki barua. Barua anaandika Karani, yeye anatia sahihi, basi. Nataka miguu yake na kinywa chake. Aende nyumba saba za wale watoto, asome namba mwenyewe. Nami nitakuwa nyuma yake."

"Hiyo ni kumdhalilisha mtu."

"Ndiyo, mama. Ndicho ninachotaka."

Mwenyekiti aliniambia nisiandike sentensi hiyo, kisha akasema, "La, andika." Desimali aliambiwa achague kati ya nyumba saba na barua ya kufukuzwa bila heshima. Alichagua nyumba, akidhani, nadhani, kwamba nyumba ni rahisi.

Zilichukua Jumamosi nne. Mimi nilibeba taarifa mpya. Katika nyumba ya kwanza baba wa marehemu, mwashi, alimwacha Desimali amesimama uani akisoma huku yeye ananawa saruji mikononi, kisha akasema, "Anza upya, sikusikia." Katika ya pili mama mmoja aliuliza mia nane ni nyingi kiasi gani, akaambiwa kikomo ni kumi, akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha njiani. Wa tatu alimkaribisha kiti, na kiti kile kilimuumiza Desimali kuliko matusi ya wa nne.

Nyumba ya tano ilikuwa ya mjane, mshonaji nguo. Alisikiliza huku mguu ungali kwenye pedeli ya cherehani.

"Wangu alikufa tarehe tisa Aprili," alisema. "Wewe ulijua lini?"

Desimali aliitazama sakafu.

"Jibu," alisema Bi Bilauri kutoka nyuma.

"Tarehe ishirini na nne Machi."

Mshonaji aliondoka kwenye cherehani, akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango taratibu, bila kishindo. Tulingoja. Hakutoka. Njiani Desimali alisimama, jasho likimtiririka, akauliza, "Bi Bilauri, haijatosha?"

"Bado mbili."

Baada ya nyumba ya saba Desimali alianza kuaga. Bi Bilauri akamwambia kwamba kuna ya nane, ambayo haikuwamo katika maagizo ya bodi. Desimali alikuwa amechoka mno hata hakubisha. Tulimkuta dada mtu amesimama uani, na amewaita majirani, wote waliokuwa wakirudisha sahani, wamejipanga ukutani kama watu wanaosubiri chanjo.

"Huyu ndiye?" aliuliza.

"Ndiye, dada."

"Mbona mfupi hivi? Miaka yote nilidhani ni mrefu." Majirani wakacheka. Akamwelekea Desimali. "Haya, anza. Na usinong'one. Ulipoandika mikono yangu ni michafu hukunong'ona."

Alisoma. Akaambiwa arudie kwa ajili ya mzee mmoja kiziwi, akarudia. Akaambiwa arudie kwa ajili ya aliyechelewa, akarudia. Alipomaliza mara ya tatu aliomba msamaha, na sauti yake ilikuwa ya kweli; hilo nalikiri.

"Msamaha kaombe kwa waliokufa," alisema mpishi. "Mimi ni mzima, nina kazi za kufanya. Mtoeni uani kwangu."

Tukamtoa. Nilimwuliza Bi Bilauri, tukiwa barabarani, kama sasa moyo wake umetulia. Alifikiri kwa uaminifu, kama mtu anayeinua chupa dirishani. "Umetulia," alisema. "Watu husema kisasi hakishibishi. Mimi nimeshiba."

Taarifa ya 1989 ilifutwa rasmi Ijumaa, tarehe 28 Novemba 1997. Siku hiyo hesabu ilikuwa hivi. Wanafunzi mia mbili na kumi na wawili: saba walikufa, mia mbili na watano walibaki, na tisa kati ya hao wakiwa na maini yasiyopona. Maabara, wafanyakazi kumi na wanne: mmoja aliondoka, kumi na watatu walibaki. Katika chumba chenye dirisha la uani, dada wawili: walibaki wawili.